Kiti cha Mmoja

Mwezi wa tatu magoti yangu yalikataa.
Niliyakunja, nikayasukuma chini ya usukani,
yakagonga bomba, yakatoa damu,
na baba akazima mtungi wa kuchomelea,
akasema tu: "Shuka, Eriaku. Mwite Asekenye."

Hivyo ndivyo msimu ulivyoanza.

Gari letu halina paa wala mlango.
Magurudumu yamekaa nje, uchi,
kama viwiko vya mtu anayekula kwa pupa.
Injini ilikuwa ya pikipiki
iliyoanguka njia ya Mbale,
fremu aliichomelea baba usiku, umeme ukirudi.
Kiti nilikiunda mimi, kwa kiuno changu
cha miaka kumi na mitatu.
Dada alipoingia mara ya kwanza
tulimjazia sponji kila upande,
yai la kusafirishwa mbali.

Soroti, kiwanja cha zamani cha ndege.
Watoto tisa, bendera moja.
Kona ya pili akazunguka mara mbili na nusu,
akabaki ametazamana na wenzake wanaokuja.
Nilishika ubao wangu wa chaki
nikasahau kuandika.
Alimaliza wa nane.
Wa tisa gari lake halikuwaka.

Mbale ilinyesha. Wa tano.
Mvua haiulizi baba yako ana karakana gani.

Busiika, vijana wa Kampala wana hema,
matairi yao yanalala katika mablanketi,
na yupo mtu mzima
ambaye kazi yake ni kushika mwavuli.
Jioni tulinunua matairi waliyoyachoka,
yakawa mapya njia nzima ya kurudi.

Mama hatazami mbio. Anasikiliza.
Huketi nyuma ya pikapu akichambua karanga,
mngurumo ukipita anasema, "Si huyu,"
ukipita mwingine, "Wala huyu,"
kisha, bila kuinua kichwa, "Wangu."
Jinja, mzunguko wa kumi na moja,
mkono wake ulisimama ndani ya ungo.
Nilijua kabla ya bendera ya njano:
mnyororo umekatika.
Tulimsukuma dada hadi kwenye pikapu,
kofia ya chuma bado kichwani
asionekane analia.

Lira alishinda.
Nimejaribu kuliandika hilo kwa maneno mengi.
Alishinda. Baba alikwenda kukojoa
akakaa huko nusu saa.

Basi tukafika duru ya mwisho, Novemba,
pointi mbili nyuma ya Kalyango, yule wa mwavuli.
Kona ya mwisho waliingia bega kwa bega,
gurudumu lake likichungulia kati ya magurudumu ya dada,
na mimi nikapiga kelele, "Kaza! Kaza!"
kana kwamba anasikia.
Akaachia.
Nilisikia injini ikishusha pumzi,
mama naye akasikia.

"Mbona uliachia?"
Alikuwa anavua glavu, kidole kwa kidole.
"Tairi lake lilikuwa linatafuta langu.
Wewe ndiye uliyesema
yakishikana, linaruka la nyuma."
Sikumbuki kusema hivyo.
Ninachokumbuka ni hasira yangu,
na jinsi Kalyango alivyokuja na kombe mkononi,
akasimama mbele yake,
akakosa la kusema, akaomba maji.

Usiku, Soroti, karakana.
Asekenye aliingia garini bila taa,
kukaa tu, kama mtu anavyokaa ukumbini
baada ya wageni kuondoka.
Nikasikia goti likigonga bomba.
Mlio ule naujua.

Baba alikuwa upande wa pili, akitafuta futi yake.
Futi ilikuwa mfukoni mwangu.
Niliinama, nikachomoa kipande cha mwisho cha sponji,
nikapima gizani kwa vidole.
"Vipi?" akanong'ona.
Nikamwambia nafasi bado ipo.

Niliongeza sentimita mbili.